MREJESHO: NMR yetu iliyokuwa inapanda joto kila mchana
Wakuu, nimerudi. Kwa aliyekosa mwanzo: mashine yetu ya NMR (inayochunguza molekuli kwa sumaku kali) niliiwekea joto la sampuli 298 K, yaani 25 °C. Asubuhi inatulia, ikifika saa nane mchana inasoma 299 na ushee, na kilele cha maji kinahama kutoka spektra (grafu ya matokeo) moja hadi nyingine. Wengi mlisema thamokapo (kihisi joto) imekufa. Nikaamini, nikaibadilisha. Wapi!

Shida ilikuwa hewa. Hita ya probu (sehemu inayoshika sampuli) inajua kupasha tu, kupoza haijui, kwa hiyo hewa inayoingia kupita kwenye sampuli lazima iwe ya baridi kuliko joto unalolitaka, walau kwa digrii tano hivi. Sasa kiyoyozi chetu kinazidiwa mchana, na bomba la hewa limepitishwa ukuta wa upande wa jua (aliyelipitisha pale Mungu anamwona). Hewa ilikuwa inafika na 27 °C. Dalili nilikuwa naiangalia kila siku bila kuielewa: nguvu ya hita ilisoma asilimia 0. Mashine ilikuwa imeshakata tamaa.

Nimelivisha bomba sponji ya kuzuia joto, tumehamia 303 K (30 °C), kisha nikaiacha mashine ijipangie upya PID (namba zinazoongoza hita). Siku tatu, mchana na usiku, haijayumba hata 0.1 K. Nimehakiki kwa methanoli pia: umbali kati ya kilele cha CH3 na cha OH, ambao hubadilika joto likibadilika, haujasogea.

Sampuli za protini zinazodai 298 K zinasubiri kipoza hewa. Bajeti mnaijua wenyewe.