Kaunsili wameniita mbele ya kamati sababu ya kesi ya 2017, hivi wanaamuaje nani apewe leseni ya teksi?

Jamaa_wa_Vani
Wakuu habarini. Niko England, mji mdogo tu sio London, miaka kadhaa sasa nabeba vifurushi na vani na mgongo umeshaanza kulalamika, nikaona niombe leseni ya teksi, zile za mteja kubuku kwanza, sio zile nyeusi za kupungiwa mkono barabarani. Nimefanya kila kitu, medikali nimepita, mtihani wa Kiingereza nimepita, kozi ya kulinda watoto na walemavu nimekaa siku nzima, hela imetoka ya kutosha tu.

Sasa tatizo. 2017 niligombana na mtu paki ya supamaketi, kugombania nafasi ya gari tu jamani, nikamsukuma akaanguka, kesi ikaenda, nikakubali kosa nikapigwa faini nikalipa basi. Washkaji wakaniambia faini ikishapita mwaka mmoja kosa limekufa, huna haja ya kulisema popote. Kwaio kwenye fomu walipouliza kama nimewahi kutiwa hatiani nikaweka hapana. DBS (ule ukaguzi wa rekodi za uhalifu) imerudi kesi imekaa pale juu kabisa, na juzi nimepata barua nifike mbele ya kamati ndogo ya leseni baada ya wiki tatu.

Naomba kujua hawa ni akina nani na wanaangalia nini? Kuna sheria au ni vile walivyoamka siku hiyo? Maana kuna jamaa nafanya nae kazi ana pointi tisa za makosa ya barabarani na kapewa leseni na kaunsili nyingine kabisa. Wife anasema niondoe maombi nikaombe huko huko.

zamu_ya_usiku
Pole mkuu. Mimi niko barabarani mwaka wa 14 huu na nimeshaitwa kwenye hiyo kamati mara moja (spidi, pointi zilijaa) kwaio naijua harufu ya chumba. Ni madiwani, mara nyingi watatu, wale wale uliowapigia kura wasimamie mapipa ya taka na mashimo ya barabara, pembeni anakaa mwanasheria wa kaunsili na afisa wa leseni anasoma ripoti. Sio mahakama ila ina ubaridi wake.

Sheria ipo, ya 1976, na cha ajabu ni kwamba kwenye hili sentensi yenyewe ni fupi sana, inasema kaunsili isimpe mtu leseni mpaka iridhike kwamba ni mtu anayefaa na anayestahili, na awe na leseni ya kawaida ya kuendesha gari angalau miezi 12. Kufaa ni nini haijaeleza. Kwaio miaka yote kila kaunsili ilikuwa inajaza maana yake yenyewe, huyu mkali huyu mlegevu, ndo maana jamaa yako na pointi zake tisa kapita kwingine. Alafu ukishapewa leseni na kaunsili moja unaweza kufanya kazi mji mwingine kabisa, mradi wewe, gari na kampuni inayopokea buking mna leseni za sehemu moja. Mji kama Wolverhampton si unaziona plate zake za teksi mpaka miji iliyo mbali nayo kabisa.

Swali watakalojiuliza wakishafunga mlango ni moja. Ningekubali mtu ninayempenda, mama yangu mzee, binti yangu, ndugu mlemavu, apande peke yake gari la huyu bwana saa yoyote usiku au mchana? Kama jibu ni hapana, au hata wakiegemea kidogo tu upande wa hapana, hupati. Hakuna ile ya shaka kumfaidisha mshtakiwa, kwa sababu pale hushtakiwi. Wewe ndo unatakiwa uwaridhishe.

BiKaratasi
Nilikaa ofisi ya leseni ya halmashauri moja miaka sita, nimeshaacha, acha niseme.

Kaka yangu hao washkaji wamekuponza. Ni kweli faini ikipita miezi 12 kosa linahesabika limekwisha, kwa kazi za kawaida. Dereva wa teksi hayumo humo. Teksi iko kwenye orodha ya kazi ambazo ile sheria ya 1974 ya kusahauliana makosa haiwakingi waombaji, wanakaa fungu moja na walimu na manesi, ndo maana unafanyiwa DBS ya kiwango cha juu inayoangalia mpaka orodha ya waliozuiwa kukaa na watoto. Makosa madogo ya zamani huwa yanachujwa hayatokei kabisa, ila kwa mtu mzima ambaye hakufungwa ni baada ya miaka 11, na wewe hujafika.

Sasa miaka. Julai 2020 serikali kuu ilitoa viwango ambavyo kila kaunsili lazima ivizingatie inapoandika sera yake. Ukisababisha kifo, ukinyonya watu au kosa la kingono hapo mlango umefungwa moja kwa moja. Vurugu na kumpiga mtu unasubiri miaka 10 toka umalize adhabu. Kuuza madawa 10 pia, kukutwa nayo ya kutumia mwenyewe 5. Kuendesha umelewa 7, silaha 7, kosa lolote lenye udanganyifu 7. Hata kushika simu huku unaendesha, miaka 5. Ya kwako ni vurugu, ya 2017, kwaio bado uko ndani ya kumi. Sera sio ukuta lakini, wanatakiwa waangalie kila mtu na mambo yake, wanaweza kukupa kabla ya kumi kama kuna sababu ya kipekee wakaiandika. Nimeona ikitokea. Sio mara nyingi.

Ila nakwambia ukweli, kilichokuita pale sio ule msukumo wa paki. Ni ile HAPANA. Msukumo mmoja miaka yote hii iliyopita, faini, hakuna kingine mbele wala nyuma, afisa anaweza kuupeleka kwa madiwani na maneno mazuri. Lakini fomu ya uongo ni ya mwaka huu, imesainiwa na wewe, na kutoa maelezo ya uongo kwenye maombi hayo kwa kujua ni kosa kwenye sheria hiyo hiyo ya 1976. Diwani anajiuliza, dereva huyu, abiria akisahau pochi, atasemaje.

Na kuhusu wife kusema uhamie kwingine, mwambie asante lakini DBS ni ile ile na miaka kumi ni ile ile. Tena ukikataliwa jina linaingia kwenye rejista ya taifa ya walionyimwa na kunyang'anywa, na toka Aprili 2023 kila kaunsili England inalazimika kuipekua kabla ya kutoa leseni. Ule mchezo wa zamani wa kunyimwa huku ukatokee kule umekwisha.

mkorofi_kidogo
Samahani lakini huu ni uonevu tu tunaupaka rangi. Mtu kafanya kosa, kalipa, imeisha!! Leo watu watatu ambao wengine hawajawahi kupanda teksi saa tisa usiku na walevi nyuma wanaamua kama atalisha watoto wake au la. Binamu yangu kanyang'anywa leseni na HAKUTIWA HATIANI, kesi ilifutwa kabisa, kaunsili wakasema wao wanaamini inawezekana ilitokea. Ana watoto wanne, alivyotaja watoto wakamwambia hilo haliwahusu. Haliwahusu jamani!

zamu_ya_usiku
@mkorofi_kidogo pole kwa binamu, inauma na sikatai. Ila hayo mawili sio madiwani wamejitungia, ni mahakama. Kuna kesi ya 1998, McCool na halmashauri ya Rushcliffe, ikaonekana wanaweza kuangalia tuhuma ambazo hazikuishia kwenye hatia, hata maneno ya kusikia, mradi wayapime vizuri. Na 2002 ile ya Leeds na Hussain ikasema hali ya dereva, mkopo, watoto, kukosa kazi, kwa kawaida haiingii kwenye hesabu, kwa sababu kinacholindwa pale ni abiria. Nilivyoelezwa na wakili wangu mara ya kwanza nilikasirika siku mbili.

Na ukali huu haukuanguka toka mbinguni. Ni mji wa Rotherham, kaskazini mwa England. Ripoti ya Profesa Alexis Jay, Agosti 2014, ilikadiria watoto wasiopungua 1,400 walinyanyaswa kingono kati ya 1997 na 2013, na teksi zilitajwa mle tena na tena. Alafu Februari 2015 Louise Casey, aliyetumwa na serikali kuikagua kaunsili ile, akaja na ripoti yake akaikuta idara ya leseni imelala. Baada ya hapo hakuna afisa anayetaka jina lake liwe ndo lililosaini. Tunalipa sisi wengi tusiohusika, sawa, lakini mimi mwenyewe nabeba watoto wa shule asubuhi, mikataba ya kaunsili, dereva na mtoto mmoja tu nyuma. Najua ninaaminiwa na nini.

Mama_Mabinti
Mimi sio dereva napita tu. Binti yangu wa 17 anamaliza kazi saa sita usiku anarudi na teksi. Gari likifika anaangalia plate na kile kitambulisho anapanda, basi, mengine yote amewaachia nyie. Endeleeni kuitana kwenye kamati.

Jamaa_wa_Vani
Nimesoma yote, BiKaratasi umenikata miguu dada lakini asante. Sikudhamiria kudanganya, niliamini kweli limekufa. Sasa nifanyeje? Nikakae kimya siku hiyo nisubiri waulize? Na wakikataa ndo mwisho?

BiKaratasi
Usikae kimya na usisubiri. Leo hii muandikie afisa, barua fupi, nilijaza hapana, nilikosea, niliambiwa hivi na nikaamini bila kuuliza, tukio lilikuwa hivi. Usimtaje yule mwingine kama ndo alikuchokoza, nimeona watu wengi wanazamia hapo, dakika kumi wanaelezea ubaya wa mtu ambaye hayupo chumbani. Omba barua kwa bosi wako wa vani, miaka mingapi umeingia milango ya watu bila lalamiko, hiyo ina uzito kuliko mchungaji, mchungaji kila mtu anaye. Kama toka ukiwa mtu mzima umewahi kukaa nje ya nchi miezi mitatu mfululizo au zaidi wanaweza kutaka na cheti cha tabia njema cha huko, uliza mapema maana kile kinachelewa.

Wakikataa wanatakiwa wakupe sababu kwa maandishi, na una siku 21 kukata rufaa mahakama ya mahakimu. Pale wanasikiliza upya kabisa ila mahakimu nao wanaangalia sera ile ile, na ukishindwa unaweza kubebeshwa gharama za kaunsili, kwaio ongea na wakili kwanza usiende kwa hasira. Kuna wanaoamua kukaa nje mpaka miaka kumi itimie wakaomba tena na fomu safi. Sio ushauri mtamu, lakini miaka iliyobaki kwako sio mingi.

mkorofi_kidogo
bado nasema ni uonevu. ila andika hiyo barua

Jamaa_wa_Vani
Nimeandika jana usiku, asubuhi hii afisa kajibu mstari mmoja tu, asante nimepokea, itaambatanishwa kwenye ripoti ya kamati. Hiyo ni dalili nzuri au mbaya?

BiKaratasi
Ni jibu la kawaida kaka, hata mimi nilikuwa najibu hivyo hivyo kwa kila mtu. Muhimu ni kwamba madiwani wataisoma kabla hujaingia.

zamu_ya_usiku
Vaa shati, wahi nusu saa kabla, na paki mbali tembea kwa mguu. Paki ya pale kaunsili huwa inajaa, tusije tukasikia umegombania nafasi tena.