Tupeane uzoefu: kumwaga oili mwenyewe kwenye gari la spoti, watu wanakosea wapi?

Boksa wa Chumbageni
Wakuu, asubuhi hii njia ya Raskazoni kuna Subaru Impreza imesukumwa pembeni. Nyuma yake mstari wa oili umechorwa kwenye lami, boneti iko juu, na kwenye buti kuna dumu jipya la lita nne, tupu. Aliyewahi kulala chini ya gari anajua kilichotokea. Tupeane uzoefu basi: oili gani, injini gani, kosa lipi. WRX, STI, Altezza, Celica, RX-8, wote karibuni. Wenye Vitz subirini uzi wenu.

Fundi Barabara ya Nane
Dumu jipya na mstari barabarani, hiyo ni ringi mbili, sina haja ya kwenda kuangalia.

Filta ya zamani ukiifungua, ringi yake ya mpira mara nyingi inabaki imeng'ang'ania kwenye injini, joto limeigandisha. Usipoiona ukafunga filta mpya, umeweka mpira juu ya mpira. Gari ikiunguruma imesimama, haivuji hata tone. Dereva akikanyaga presha inapanda, mpira unachomoka pembeni, oili inaisha kabla hajajua taa nyekundu inamwambia nini. Kwenye boksa, yaani injini ya Subaru yenye pistoni zilizolala, ni balaa zaidi kwa sababu filta iko chini kati ya mabomba ya ekzosi, kwa hiyo moshi unafumba gari zima.

Filta ya zamani ikitoka, igeuze uangalie kama ringi yake ipo. Kama haipo, ipo juu. Pitisha kidole mzunguko wote, futa. Ringi mpya ipake oili safi, zungusha kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko hadi mzunguko mmoja kama boksi la filta linavyosema, acha. Spana ya filta ni ya kufungulia, si ya kufungia.

Mama Altezza
Ringi mbili. Naunga mkono.

Kijana wa Majani Mapana
Swali lilikuwa oili gani, mmekimbilia filta. Tanga joto, gari la tabo, weka 20W-50 ulale usingizi. Hizo 5W ni za nchi za theluji.

Mzee wa Sahare
Mwanangu, namba ya mbele yenye W inapima oili ikiwa baridi, ni kweli Tanga haituhusu sana. Inayotuhusu ni ya nyuma, ambayo ni mnato kwenye nyuzi joto 100. Kwa kipimo cha cSt, oili ya 30 iko kati ya 9.3 na 12.5, ya 40 ni 12.5 mpaka 16.3, ya 50 inaendelea hapo mpaka 21.9. Sasa injini yenye 50 asubuhi inapowashwa, oili ni nzito, presha inapanda mpaka vali ya pampu inafunguka na kuirudisha oili ileile ilikotoka. Geji inakuonyesha presha nzuri wakati mtiririko kwenye tabo ni mdogo. Presha si mtiririko. Tena AVCS ya Subaru na VVT-i ya Toyota, mitambo inayobadilisha muda wa vali kufunguka, zinasukumwa na oili hiyohiyo kupitia vitundu vidogo. Ukiifanya uji, zinachelewa kuitikia.

Kwa EJ20 ya tabo, injini ya hizo Subaru, hapa pwani weka 5W-40 sintetiki yenye maandishi ACEA A3/B4 mgongoni, viwango vya Ulaya. Hayo maandishi yana maana: oili imepimwa kwenye nyuzi 150 ikasuguliwa, na mnato wake haukushuka chini ya 3.5 kwa kipimo kingine, mPa·s. Bering za konrodi zinaishi kwenye namba hiyo, haziishi kwenye rangi ya dumu.

Kijana wa Majani Mapana
Mzee, vitabu vya Subaru vya zamani vyenyewe vinaruhusu 20W-50 kwenye joto na kazi nzito. Nimemaliza.

Mzee wa Sahare
Vinaruhusu, na 10W-50 pia. Vimesema jangwani na kuvuta trela. Wewe unavuta trela gani kutoka Majani Mapana mpaka sokoni?

Dereva wa Kange
Hahaha trela la madeni.

Boksa wa Chumbageni
Na API je, viwango vya Wamarekani? Kuna madumu yana SL bado yanauzwa.

Mzee wa Sahare
SL ni ya 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. SP ilikuja kwa sababu tabo mpya zenye petroli inayopigwa moja kwa moja silindani zilikuwa zinawaka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. EJ ya zamani haina tatizo hilo, lakini SP haiidhuru. Ukiona SF au SG kwenye dumu, za zamani zaidi, lirudishe rafuni taratibu.

Dereva wa Kange
Sasa sikieni hii, mpaka leo inasimuliwa kijiweni. Impreza WRX ya giaboksi otomatiki. Mmwagaji kajipanga vizuri kabisa: jeki, vigogo, beseni, spana namba 17, dumu la 5W-40. Kaingia chini, kaona sampu, bakuli la oili, kaona nati, kafungua. Ikatoka oili nyekundu. Akasema aisee, hii Wajapani wameweka oili nzuri, haijachafuka hata kidogo! Zikatoka lita nne na ushei. Kafunga nati, kabadilisha filta, kamimina lita nne juu ya injini. Dipstiki inaonyesha iko juu kuliko F, alama ya kujaa, akasema gari haijakaa sawa.

Alichomwaga ni ATF, oili ya giaboksi otomatiki. Oili ya zamani ya injini haikutoka hata tone, ukiacha iliyokuwa kwenye filta. Kwa hiyo injini ina karibu lita nane na giaboksi ina nusu. Kafika mataa, moshi wa bluu unatoka nyuma kama anafukiza mbu. Kumbe krenki inapiga oili na kuifanya povu, pampu inavuta hewa badala ya oili, na mvuke wa oili unapitia bomba la kupumulia unaingia kwenye hewa ya injini unachomwa. Kabla ya kufika Kange giaboksi ikaanza kuteleza: injini inalia, gari haliendi. Akazima, akawasha, akakanyaga tena. Kukanyaga tena ndiko kulikomaliza pleti.

Mama Altezza
Nyekundu!! Hakushtuka?

Dereva wa Kange
Alishtuka kwa furaha.

Binti Pongwe
Nimecheka peke yangu ofisini. Mwenye picha ya hizo nati mbili aweke.

Fundi Barabara ya Nane
Picha haihitajiki. Sampu ya injini iko mbele, filta iko jirani yake. Ukiiona nati na filta huioni, uko nyuma mno. Nyuma ni sampu pana ya giaboksi. Kuna ya tatu pia, ya difu ya mbele, inafunguliwa kwa spana ya nyota kubwa, T70 kwenye nyingi, na oili yake inanuka kiberiti. Ukisikia harufu hiyo, funga haraka.

Na kabla hujafungua nati yoyote, chomoa dipstiki uone rangi ya oili ya injini. Kinachotoka chini kikiwa na rangi nyingine, simama.

Mwana wa Donge
Huyo wa WRX angekuwa hai kama angechomoa dipstiki ya giaboksi tu, ipo pembeni pale.

Dereva wa Kange
Yuko hai, aliyekufa ni gari.

Mama Altezza
Turudi kwenye kazi. Wa Toyota: nati ya sampu nyingi ni spana 14, uzi M12 kwa 1.25, inataka kukazwa kama Nm 40 hivi. Subaru EJ ni 17, uzi M20 kwa 1.5, Nm 44. Zinakaribiana, na zote ni kidogo kuliko mkono wa fundi mwenye hasira unavyofikiri. Wanaovua nyuzi za sampu karibu wote wanakaza kwa sababu inavuja, na inavuja kwa sababu wamerudisha washa ileile iliyokwisha kubanwa. Washa mpya ni bei ya kashata. Kama ni ya shaba na huna mpya, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, inarudi laini. Ya alumini usijaribu, itayeyuka mkononi mwako.

Kijana wa Majani Mapana
Au uzi wa plumba.

Mama Altezza
Mtoto huyu. Vipande vya uzi wa plumba vinaingia kwenye sampu vinakwenda kuziba chujio la pampu.

Mwana wa Donge
Pwani hapa jeki inazama mchangani gari likiwa juu. Ubao chini ya jeki, vigogo pande zote mbili, gari liwe sawa na ardhi. Likiinama, oili chafu inabaki kona. Injini iwe ya uvuguvugu, dakika tano za kunguruma zinatosha. Ikiwa imetoka safari, ekzosi itakuachia alama mkononi.

Mpenda Rotari
RX-8, yenye injini ya rota badala ya pistoni, inakula oili kwa kuumbwa. Kuna pampu inapeleka oili kwenye chemba kulainisha sili za rota, kwa hiyo ukiona imeshuka hujaharibu kitu. Kosa ni kungoja taa. Chomoa dipstiki kila ukijaza petroli.

Binti Pongwe
Chini ya kifuniko cha oili kuna kitu kama maziwa yaliyoganda. Head gasketi?

Fundi Barabara ya Nane
Inaweza, lakini uliza kwanza gari linatembea umbali gani. Tanga mji mdogo, mtu anakwenda kilomita tatu, anazima. Oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na hewa yetu unyevu haukosi. Ipeleke Segera urudi, futa kifuniko. Ikirudi tena na maji ya rejeta yanapungua, hapo ndipo gasketi. Gari za safari fupi namna hii usisubiri kilomita 5,000, miezi sita ikifika mwaga.

Mwana wa Donge
Filta mpya ijazwe oili kabla ya kufunga, au isijazwe?

Mzee wa Sahare
Ijazwe. Kwenye Subaru inatazama juu, haimwagiki.

Fundi Barabara ya Nane
Isijazwe. Oili unayomimina tundu la katikati haijachujwa, na vumbi letu hili. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata sekunde tano, pumzisha, piga tena mpaka taa ya oili izime. Rudisha fyuzi.

Mzee wa Sahare
Oili ya dumu jipya ina vumbi gani?

Fundi Barabara ya Nane
Dumu halina. Faneli iliyokuwa sakafuni inalo.

Mama Altezza
Wazee hawa wamebishana hili tangu enzi za kabureta. Jamani, boksa inapimwa baada ya dakika chache imezimwa, oili inachelewa kushuka. Dipstiki ina pande mbili, soma upande unaoonyesha oili iko chini zaidi. Kutoka L, alama ya chini, mpaka F ni kama lita moja. Mimina tatu na nusu, pima, ongeza kidogokidogo.

Dereva wa Kange
Kwa wa tabo wanaopandisha Mombo kwenda Lushoto: ukifika juu usizime papo hapo. Iache ingurume dakika moja au mbili. Oili iliyosimama ndani ya tabo ya moto inaungua inakuwa mkaa, na EJ nyingi zina kichujio kidogo cha wavu kwenye bolti ya bomba la oili. Mkaa ukikaa pale, tabo inakauka.

Fundi Barabara ya Nane
Na filta ya zamani msiitupe. Ikate kwa msumeno wa chuma taratibu, karatasi yake ikamue, itandaze juani juu ya gazeti. Pitisha sumaku. Vinavyonasa ni chuma. Vinavyong'aa na havinasi, hasa vyenye rangi ya shaba, ni bering zinaondoka. Hapo acha kuuliza habari za oili, uliza habari za ovahoo.

Boksa wa Chumbageni
Mrejesho: mwenye Impreza ya Raskazoni amepatikana. Ringi mbili.

Mama Altezza
Fundi, tukupe nini?

Fundi Barabara ya Nane
Oili chafu. Nguzo za banda la kuku zinaliwa na mchwa. Msimwage mtaroni, inakwenda baharini, nileteeni kwenye dumu lenye kifuniko.

Dereva wa Kange
Ile nyekundu unaitaka pia?