Programu mbili za simu zinanipa majina tofauti ya mche mmoja, nifuate ipi?

Mwana Muheza
Wakuu, habari za jioni. Niko Muheza, upande wa Amani. Kikundi chetu kinataka kurudishia miti ya asili kandokando ya kijito, maana kiangazi kinabaki matope tu. Nimepiga picha jani la mche: PlantNet inasema Maesopsis eminii, Google Lens inasema mforosadi. Niamini ipi? Natanguliza shukrani.

Ngedere Mkavu
Mkuu, hizo programu zinapenda ua au tunda. Mche wenye majani mawili matatu zinabahatisha. Mimi nilipiga picha kisamvu cha mama watoto, ikaniambia bangi. Ilibidi nizunguke nyuma ya nyumba kuhakikisha.

Shangazi wa Pangani
Hapo Amani kuna bustani ya mimea tangu Wajerumani, 1902, na wazee waliofanya kazi humo. Wewe unauliza simu! Marehemu babu yangu alikuwa anakwangua gamba, ananusa, anakutajia mti na dawa yake. Mkwe wangu naye ana simu kubwa, juzi kang'oa mchaichai akidhani majani.

Fundi Jembe
Mleta uzi, huo mche umetoka wapi? Umeuokota, umeuotesha au umenunua?

Mwana Muheza
Swali langu ni la programu, mkuu.

Fundi Jembe
Na langu ni la mche.

Mwana Muheza
Umenunuliwa. Ipo kama 400, kwenye viriba. Muuzaji alisema ni msambu, mti wa asili wa huku.

Fundi Jembe
Umepigwa. Jani la msambu ni laini pembeni, halina meno, na yanatoka mawili mawili yakitazamana. Halafu mbegu ya msambu ni mvivu, inaweza kukaa zaidi ya mwaka ndiyo iote. Anayekupa 400 kwa mkupuo kazitoa wapi? Yako yana meno?

Mwana Muheza
Yana meno. Lakini nimesoma Maesopsis ni mti wa Afrika hii hii, unakua haraka, na mbao unatoa. Mashimo tumeshachimba. Hela ya kikundi imeshatoka na mimi ndiye mweka hazina, siwezi kurudi kwa wanachama na hadithi ya jani.

Shangazi wa Pangani
Ahaa! Kumbe hapo ndipo penye kidonda. Hela za akina mama wa watu hizo, mwanangu. Waambie kabla hawajaambiwa.

Fundi Jembe
Wa Afrika, ndiyo, ila kwao ni Kagera na Uganda, wenyewe wanauita musizi. Hapo kwenu Usambara Mashariki ulipandwa na watu karne iliyopita. Hondohondo wanakula matunda yake, wanadondosha mbegu ndani ya msitu, popote palipoanguka mti unachipua huo. Sasa wewe unataka kuusogeza mpaka kwenye maji. Tena ndani ya mita 60 za kijito sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au za kuharibu kingo, hizo mbao utavunaje?

Mwana Muheza
Kivuli ni kivuli, mkuu. Kijito hakijui mti umetoka Kagera.

Bwana Chenga
Wadau, mnakunywa chai ya moto. Huyu kwenye uzi wa mizabibu alikuwa mwalimu Dodoma, ana shamba la urithi. Leo ni mweka hazina Muheza. Na picha ya hilo jani mbona hatuioni?

Ngedere Mkavu
Hahaha, mwalimu kahamishwa kimyakimya.

Mwana Muheza
Dodoma ni ukweni. Picha nitaweka bando likirudi.

Bwana Chenga
Bando la kuulizia programu mbili lilikuwepo, la picha moja limekata.

Fundi Jembe
Hata kama ni chai, kuna mtu Amani anauziwa hiyo miche muda huu. Pale kijitoni panda mikuyu, kata tawi chomeka, inashika.

Babu Kibaigwa
Samahani kuingilia. Ile mizabibu ya Dodoma ilishika? Natafuta vipando.

Mwana Muheza
Ilishika vizuri sana, mzee wangu. Njoo PM.