Mimba ya mapacha: niendelee na kazi au nianze likizo mapema?

Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya mapacha, wiki ya 26, na ni keshia wa duka kubwa hapa Mwanza. Nasimama kutwa, jioni miguu imevimba, viatu vinagoma, narudi nyumbani na ndala. Sheria inanipa likizo ya siku 100 badala ya 84, kuanzia wiki nne kabla ya kujifungua, au mapema zaidi daktari akithibitisha. Lakini nikianza sasa, siku zitaisha wanangu wangali wachanga kabisa. Mume wangu anataka niache kazi. Mimi nawaza kodi ya nyumba. Mama wa mapacha, mlipumzika lini? Kuna aliyeomba kiti au zamu fupi akakubaliwa?