Mgonjwa ni wa mapafu, mbona wanataka kupima ini?

MamaTanga:
Habari zenu ndugu zangu. Mimi mtu wa Tanga, naishi Malmö, Uswidi, mwaka wa 11 sasa. Mume wangu ni Mswidi, ana miaka 46, hajawahi kuvuta sigara, lakini tangu mwaka jana ngazi za ghorofa ya tatu zinamshinda. Anasimama katikati kashika ukuta. Wiki iliyopita tukaambiwa ana upungufu wa alfa-1 antitripsini, protini ya damu inayolinda mapafu, aina ya ZZ (yaani amerithi jeni yenye hitilafu, Z, kwa baba na kwa mama), na mapafu yameanza kuharibika. Hapo nilielewa. Kisha wakampa miadi ya ultrasaundi ya ini! Nikadhani wamechanganya mafaili.

Usiku sikulala, nikawa natafuta. Nikakutana na jina la Dkt. Sten Eriksson, aliyefanya kazi hapahapa Malmö. Orodha ya makala zake imenichanganya zaidi: hii mapafu, ile ini. Alikuwa daktari wa kitu gani? Na binti yetu wa miaka 7, naye ana hatari?

Mzee wa Maabara:
Pole sana dada, na shemeji mpe pole. Nimekaa maabara ya hospitali miaka 31, nimestaafu, nipo Moshi. Mafaili hayajachanganywa.

Orodha ya mtafiti isome kuanzia chini, maana mara nyingi makala mpya huwekwa juu. Kule chini kabisa utakuta mwaka 1963. Carl-Bertil Laurell, mkuu wa maabara pale Malmö, alikuwa akipitia vipimo vya elektroforesisi vya wagonjwa (protini za damu hutenganishwa kwa umeme zikawa mistari), kama 1,500 hivi. Katika 5 ukakosekana mstari wa alfa-1, ambao ndio wa protini hiyo ya shemeji. Nimezisoma nyingi karatasi za namna hiyo kwa macho yangu. Mstari wenyewe ni mwembamba, umejibana karibu na ule wa albumini, protini nyingine ya damu, na usipouona wazo la kwanza ni kwamba umekosea kupaka rangi. Laurell hakuupuuza. Akamshirikisha Eriksson, daktari kijana, wakawafuata wenye damu ile. Watatu kati ya watano walikuwa na emfisema, yaani vifuko vya hewa vya mapafu vimeharibika. Mwaka 1965 Eriksson akatoa tasnifu yake juu ya upungufu huo. Kwa hiyo mwanzo wake ni mapafu.

Sasa ini linaingiaje? Protini hiyo hutengenezwa kwenye ini, kisha husafiri kwa damu hadi mapafuni kuyalinda na kimeng'enya kinachotolewa na chembe nyeupe. Kwa mwenye ZZ protini hujikunja vibaya, nyingi hukwama kwenye ini. Mapafu yanakosa ulinzi, ini linaelemewa na mzigo. Ni hitilafu moja, inaumiza sehemu mbili. Mwaka 1969 Harvey Sharp na wenzake kule Marekani walieleza watoto wenye upungufu huu ambao maini yao yalikuwa na makovu. Ukipanda kwenye orodha ya Eriksson, mwaka 1975 utamkuta yeye na mwenzake Larsson wamezitoa punje za protini hiyo zilizokwama kwenye ini wakazichambua. Halafu 1986, na hii usiipite: Eriksson na wenzake walirudi kwenye kumbukumbu za uchunguzi wa maiti za Malmö, wakaona hatari ya makovu ya ini na saratani ya ini, hasa kwa wanaume. Ndiyo maana ya miadi ya shemeji.

Namna protini zinavyoshikana kama pete za mnyororo ilikuja kuelezwa mwaka 1992 na David Lomas, Robin Carrell na wenzao, Uingereza. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa mara tatu kwa furaha.

Dkt_Pwani:
Mzee wangu shikamoo, umeeleza vizuri. Naongeza la mtoto. Dada, baba ana Z mbili, kwa hiyo binti amechukua Z moja kwake, hilo ni hakika. Ya kwako itajulikana kwa kipimo, ingawa Z ni adimu sana kwa Waafrika. Z moja peke yake kwa kawaida haileti ugonjwa. Moshi wa sigara asiuzoee tu. Hata kwa wenye Z mbili, Tomas Sveger alipima watoto wachanga 200,000 hapo Uswidi, akafuatilia 120 wa ZZ: waliopata manjano ya muda mrefu (macho na ngozi kuwa njano kwa shida ya ini) walikuwa 14.

Muulizieni chanjo za homa ya ini A na B, na pombe aiweke mbali. Ana ndugu wa tumbo moja? Wapimwe. Kila mmoja ana angalau nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa kama yeye.

MamaTanga:
Shikamoo mzee wangu, na daktari asante sana. Nimeisoma orodha kuanzia chini, na hiyo ya 1986 nimemsomea mume wangu mezani. Alinyamaza muda mrefu. Ana kaka yake Göteborg, anavuta sigara. Anampigia sasa hivi, nasikia sauti yake jikoni. Ultrasaundi ni Alhamisi, naenda naye.