Petra, Luxor, Lalibela au Hegra: ipi inafaa Januari kwa mwenye goti bovu?

Njiapanda
Wakuu, naomba ulinganisho wa sehemu nne zilizochongwa ndani ya mwamba: Petra (Jordan), Bonde la Wafalme pale Luxor (Misri), makanisa ya Lalibela (Ethiopia) na Hegra karibu na AlUla (Saudia). Safari ni ya Januari, siku 7 pamoja na za kusafiri. Tunakwenda wawili, mimi na mama. Goti lake limechakaa: mahali tambarare anatembea vizuri, kushuka ngazi ndiko kunakomtesa. Sifa za uzuri nimesoma za kutosha. Ninachotaka ni ngazi ziko wapi, umbali ukoje, tiketi zinafanyaje kazi na Januari inaharibu nini.

Jabali_Jekundu
Nianze na Petra. Kwa macho inazishinda zote nne, na kwa miguu inachosha kuliko zote.

Kutoka lango kuu hadi mdomo wa Siq ni kama mita 800. Siq yenyewe, ule mpasuko mwembamba kati ya miamba, ni kilomita 1.2, ndipo unatokea mbele ya Khazneh, kaburi mashuhuri lililochongwa mwambani lenye kimo cha karibu mita 40. Njia yote hiyo inateremka taratibu, kwa hiyo wageni hufika wakidhani ni matembezi mepesi, halafu jioni wanakuta kurudi kote ni kupanda. Ukiendelea hadi hekalu la Qasr al-Bint uko kama kilomita 4 kutoka lango, na bado hujagusa ngazi za kupanda hadi Ad Deir (jengo jingine lililochongwa, liko juu mlimani), ambazo ni zaidi ya 800.

Kwa mama kuna vigari vya umeme kati ya kituo cha wageni na Khazneh. Panga na cha kurudi asubuhi ileile, maana mchana kila aliyechoka anakigombea. Baada ya Khazneh vigari haviendi. Ndani ya Siq kuna vipande vya barabara ya mawe ya kale, yamelika na hayalingani, na hapo ndipo goti huteguka; fimbo ni lazima. Punda wa kupanda Ad Deir mkatae. Ngazi ni nyembamba, pembeni ni genge, na mtu akishuka juu ya punda anajikaza kwa magoti njia nzima. Wanyama wenyewe wanaumia.

Utaambiwa pia kwamba farasi amekwisha kulipiwa ndani ya tiketi. Ni kweli, ila anakufikisha mdomoni mwa Siq tu, na bakhshishi itadaiwa.

Tiketi ya siku moja ni dinari 50, siku mbili 55, siku tatu 60, kwa anayelala Jordan. Nunua ya siku mbili hata kama unakusudia moja. Siq ni njia ya maji. Wanabatea, watu wa kale waliochonga Petra, walijenga bwawa na kutoboa handaki ili kuyageuza. Mwaka 1963 mafuriko ya ghafla yaliua watalii zaidi ya 20 humo ndani. Siku hizi mvua ikitishia, eneo linafungwa, na Januari ni katikati ya msimu wa mvua. Dinari 5 zinakupa siku ya akiba.

Karani_wa_Safari
Nyongeza ya Jordan Pass, pasi ya watalii inayojumuisha kiingilio cha Petra. Inauzwa dinari 70, 75 au 80 kulingana na siku za Petra, na inafuta ada ya viza ya dinari 40 ukikaa angalau usiku tatu. Inunuliwe kabla ya kuingia nchini. Wengi wanakwama hapa: kama pasipoti yako ni ya nchi inayohitaji kibali kabla ya safari, pasi hii haikuondolei hitaji la kibali. Hakikisha viza kwanza, pasi baadaye.

Binti_Mto
Njiapanda, kwa goti la kushuka ngazi na kwa Januari, jibu langu ni Luxor, na sioni kama kuna ushindani. Mchana joto ni kama nyuzi 22 au 23, wakati majira ya kiangazi hupita 40. Usiku ni baridi, beba sweta.

Lakini Bonde la Wafalme lina mtego. Tiketi ya kawaida inakupa makaburi matatu kati ya yaliyo wazi siku hiyo, na makaburi hayafanani hata kidogo kwa miguu. Mtu akichagua kwa jina la mfalme, mama ataishia nje. Chagua kwa mteremko.

Ramses IV (KV2; KV ni alama ya namba za makaburi ya bonde hili) liko karibu na lango la bonde, ni pana, na mteremko wake ni mdogo. Ndilo rahisi kuliko yote. Ramses IX (KV6) nalo liko karibu na lango. Merenptah (KV8) ni zuri lakini linashuka kwa kasi. Thutmose III (KV34) lisahau kabisa: kwanza unapanda ngazi za chuma ukutani mwa jabali, kisha unashuka tena ndani.

Matatu yana tiketi za pembeni: Tutankhamun (KV62), Ramses V na VI (KV9) na Seti I (KV17). Ukiwa na fedha za tiketi moja tu ya ziada, iwe KV9. Korido yake inanyooka ikiteremka polepole, na dari ya chumba cha mwisho ina mwili wa Nut, mungu wa anga, umechorwa mara mbili mgongo kwa mgongo, mmoja wa anga la mchana na mwingine wa usiku. Mama aketi pale chini aangalie juu bila haraka. KV62 ni kaburi dogo. Hazina yake iko kwenye makumbusho makubwa ya Giza, humo utakuta maiti yake na chumba kimoja chenye michoro. Seti I lina michoro bora kuliko yote bondeni, lakini lina urefu wa mita 137 na ngazi nyingi za kushuka. Kwa goti hilo, hapana.

Kutoka kituo cha wageni hadi kwenye makaburi kuna kigari cha umeme. Malipo kwenye madirisha mengi ya tiketi ni kwa kadi tu, hivyo usitegemee noti.

Msoma_Miamba
Hegra, penye makaburi ya Wanabatea walewale wa Petra, haijapata mtetezi, na kwa goti huenda ikaipita hata Luxor. Hairuhusiwi kuingia na gari lako. Unanunua nafasi mtandaoni yenye saa yake, unapanda basi, basi linakushusha kwenye vituo vichache, unatembea mita chache juu ya mchanga, unapanda tena. Ngazi karibu hakuna.

Cha kuangalia kwa makini ni Qasr al-Farid, kaburi lililosimama peke yake kwenye jabali lake. Halikumalizika. Juu uso wa mwamba umesuguliwa laini na nguzo zimenyooka. Ukishusha macho, kazi inazidi kuwa mbichi, na chini kabisa patasi imeacha mikwaruzo mitupu. Hapo unaona kwamba Wanabatea walichonga kutoka juu kwenda chini. Khazneh ilichongwa kwa mtindo huohuo, lakini kwa kuwa ilikamilika, ushahidi umefutika.

Pia, Hegra ina maandishi milangoni. Makaburi makubwa ni 111, yenye mapambo 94, na kadhaa yanataja mwenyewe, mwaka, na faini kwa atakayeliuza au kumzika mgeni humo. Petra karibu hakuna cha namna hiyo. Anayependa kujua kaburi ni la nani, aende Hegra.

Kasoro: Januari ni msimu wa juu wa AlUla, vyumba ni ghali na nafasi za basi huisha mapema. Na makaburi yenyewe ndani ni vyumba vitupu, mengi unayatazama ukiwa nje tu.

Bahari_Kuu
Kwa Waislamu kuna jambo la kuwekwa mezani kabla ya kulipa. Hegra ndiyo al-Hijr, inayohusishwa na watu wa Thamud walioangamizwa kwa mujibu wa Qurani, na ipo hadithi ya Mtume inayokataza kuingia makazi yao isipokuwa kwa hali ya kulia. Wapo wanaokwenda kwa kuzingatia, wapo wanaojizuia kabisa. Muulize mama mapema, asije akakataa kushuka basi.

Saa_Moja_Asubuhi
Lalibela kwa Januari ina sura mbili. Tarehe 7 ni Genna, Krismasi ya Kiethiopia, na mahujaji wenye shuka nyeupe hujaa hadi kwenye kingo za mashimo ambamo makanisa yamechongwa. Kwa ibada iliyo hai hakuna kinachofanana nayo katika orodha yako. Hizo tatu nyingine ni magofu. Haya makanisa 11 ya karne ya 12 na 13 yanasaliwa mpaka leo. Ukitaka nafasi ya kutembea, nenda baada ya tarehe 10.

Kwa goti, nitasema ukweli: ni pagumu. Kanisa la Bete Giyorgis paa lake liko usawa wa ardhi, kwa hiyo kuona ndani ni kushuka kupitia mfereji wenye ngazi zisizolingana, zilizong'arishwa na miguu ya karne nyingi. Viatu vinavuliwa kwenye kila kanisa, yaani kuinama na kuinuka mara kwa mara. Njia moja ya chini kwa chini kwenye kundi la kusini mashariki ni giza totoro. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,500, pumzi hukatika siku ya kwanza. Mama hataruhusiwa kanisa la Bete Golgota, wanawake hawaingii. Mazulia yana viroboto. Vaeni soksi ndefu.

Wenyeji wanahesabu saa kama sisi, saa moja ikiwa baada ya mapambazuko, lakini tiketi ya ndege imeandikwa kwa hesabu ya kimataifa. Msichanganye.

Jabali_Jekundu
Umeacha kubwa kuliko yote: tangu 2023 kuna mapigano mkoani Amhara, iliko Lalibela, kati ya jeshi na wanamgambo wa Fano. Barabara si za kutegemea.

Saa_Moja_Asubuhi
Sawa kabisa. Asiyeweza kwenda na kurudi kwa ndege asiende, na aulize hali wiki ileile ya safari. Naipenda Lalibela kuliko zote, na kwa mama huyu Januari hii nisingemwelekeza huko.

Njiapanda
Shukrani sana wote. Naelekea Luxor. Je, niongeze mahekalu ya Abu Simbel kusini mwa Misri au Petra ndani ya siku 7?

Binti_Mto
Petra hapana, siku zitaliwa na viwanja vya ndege. Abu Simbel kutoka Aswan ni kama kilomita 280 kila upande, saa tatu na zaidi garini, na goti bovu hukakamaa kwa kukunjwa muda mrefu. Akitaka kwenda, iwe kwa ndege.

Lala ukingo wa magharibi, uko karibu na makaburi; kivuko cha kwenda mjini ni dakika chache, wakati daraja liko mbali kusini. Siku ya kwanza Bonde la Wafalme mapema, basi. Siku ya pili hekalu la Hatshepsut, ambalo unalipanda kwa njia ndefu za mteremko, halafu Medinet Habu, tambarare, yenye maandishi yaliyochimbwa kwa kina hata ngumi inazama. Siku ya tatu Karnak asubuhi kwa ajili ya ukumbi wenye nguzo 134, na Hekalu la Luxor baada ya magharibi taa zikiwaka. Kati yake kuna Njia ya Sphinksi ya kilomita 2.7, msiitembee yote, chukueni teksi. Na kwenye makaburi, mama ashuke akiwa ameshika reli, wewe ukiwa ngazi moja mbele yake, si nyuma.