Mwogeleaji Henry Taylor: sheria za michezo ya ridhaa zilimdhulumu?

Mleta mada: Wadau, mwogeleaji Henry Taylor wa Oldham, Uingereza, alizoa dhahabu 3 Olimpiki ya London 1908: mita 400, mita 1500 na kupokezana mita 200 mara nne. Mwingereza wa kufikisha 3 katika Olimpiki moja hakuonekana tena mpaka mwendesha baiskeli Chris Hoy, 2008. Yatima aliyelelewa na kaka yake, kibarua wa kiwanda cha pamba. Sheria za michezo ya ridhaa, yaani isiyo ya malipo, zilimkataza kuogelea kwa pesa. Uzeeni akawa mhudumu wa bwawa la Chadderton, akafa maskini 1951. Nasema sheria zile zilitungwa na wenye nacho kwa faida yao.

Kipanga: Sheria ilikuwa moja kwa wote, tuache kulialia. Halafu bingwa mzima kuishia kufagia bwawani ni kujidhalilisha. Angetafuta kazi ya maana.

Mwokoaji: Kazi ya maana ni ipi? Mimi nalinda bwawa la hoteli. Umewahi kumfuata mtu aliyekwisha kunywa maji? Anakukaba shingo, anakupanda kichwani, mnazama wote usipojua kujigeuza. Watoto wangu wanasoma kwa kazi hii.

Kipanga: Usinilishe maneno mkuu. Sijakutaja wewe.

Binti Mkwawa: Huyu Taylor si ndiye aliyebeba dhahabu tena 1912?

Msomaji: Hapana, 1912 Stockholm ni shaba, na 1920 Antwerp shaba tena, zote za kupokezana. Ila ile ya 1908! Bwawa la mita 100 limechimbwa katikati ya uwanja wa White City. Halmay wa Hungaria anaongoza mkondo wa mwisho, pumzi ikamkata, akaanza kwenda mrama. Taylor akampita.

Binti Mkwawa: Kwa hiyo alibahatika tu.

Msomaji: Bahati gani, dada? Siku hiyo kila mtu alikuwa na pumzi yake. Ya Taylor ilitosha.

Mleta mada: Turudi kwenye mada jamani. Maji ya mabwawa ya enzi za Taylor yalikuwa hayachujwi. Kadiri yalivyochafuka kabla ya kubadilishwa, kiingilio kilishuka, na Taylor alikwenda kufanya mazoezi siku ya maji machafu. Siku nyingine aliogelea kwenye mfereji. Mtoto wa tajiri akinyimwa pesa ya mashindano hapungukiwi kitu, lakini kibarua anapungukiwa mkate. Hiyo ndiyo "sheria moja kwa wote" anayoisema Kipanga.

Mwokoaji: Sawa ndugu, nimekuelewa. Lakini huyu bwana hajaniomba radhi.

Kipanga: Radhi ya nini? Nimesema kufagia, sijasema kuokoa.

Mwokoaji: Mimi pia nafagia. Kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka. Sasa sema.